Kufomati Si Kufuta: Historia ya Kuandaa Upya Diski Kuu na Funzo Lake kwa Sera za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tendo la kufomati diski kuu ya kompyuta na kusakinisha upya mfumo endeshi, tangu diski ya kwanza ya kampuni ya IBM mwaka 1956 hadi wimbi la kompyuta zilizoachwa nyuma baada ya Oktoba 2025. Hoja yake ni kwamba tendo hilo lilibuniwa ili kuandaa mahali pa kuandikia. Lilipotoka mikononi mwa wahandisi na kuingia mikononi mwa umma, likapewa maana ya kufuta kilichoandikwa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuifanya. Kutokana na mkanganyiko huo, tendo moja limezaa hasara mbili zinazopingana: siri zinazopaswa kutoweka hubaki, na kumbukumbu zinazopaswa kubaki humpotea mwenyewe. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna sheria, taratibu za ofisi za umma na istilahi za Kiswahili zinavyoweza kuutenganisha ufutaji wa kweli na ule wa jina tu.

1. Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, kompyuta inapokuwa nzito, inapoingiliwa na virusi au inapobadilisha mwenyewe, hupelekwa kwa fundi. Fundi huuliza swali moja au mawili, kisha hufanya kile ambacho lugha ya mitaani nchini Tanzania hukiita "kupiga window": huifomati diski kuu na kuisakinishia mfumo endeshi upya. Baada ya muda si mrefu mashine hurudi kwa mwenyewe ikiwa nyepesi, haina hata faili moja la zamani. Mwenyewe huamini kwamba yaliyokuwamo yametoweka. Kwa imani hiyo huiuza mashine, huigawa, au huikabidhi kwa mtumishi mwingine.

Imani hiyo ina historia. Haikuzuka Afrika Mashariki, wala si ya watu wasiosoma; benki kubwa za Marekani zimewahi kuponzwa na uzembe wa aina hiyohiyo. Imetokana na jinsi neno "fomati" lilivyosafiri kwa miongo kadhaa, likihifadhi uzito wake wa awali huku tendo lenyewe likipungua nguvu. Watunga sera wanaoandika kwamba data "zifutwe" kabla ya kifaa kuuzwa wanalirithi neno hilo pamoja na utata wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza sheria iseme nini, inafaa kuuliza kwanza tendo hili lilikuwa nini na limekuwa nini.

2. Diski kabla ya mtumiaji wa kawaida, 1956–1980

Mnamo Septemba 1956 IBM ilitangaza kompyuta iliyoitwa RAMAC 305. Ndani yake mlikuwa na hifadhi ya aina mpya, IBM 350, iliyobuniwa San Jose, California. Hifadhi hiyo ilikuwa na sahani 50 za chuma zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Faida yake juu ya utepe wa sumaku ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: msomaji hakulazimika kupitia kumbukumbu zote tangu mwanzo ili kuifikia moja aliyoitaka. Mkono wa kusomea ulikwenda moja kwa moja mahali ilipo.

Lakini kwenda moja kwa moja mahali fulani kunahitaji anwani. Uso wa sahani ya sumaku, ukiachwa kama ulivyotoka kiwandani, ni kama pori lisilopimwa. Ni lazima uchorwe duara za njia, kila njia ikatwe vipande viitwavyo sekta, na vipande hivyo vipewe alama za kuvitambulisha. Kazi hiyo ya kupima viwanja na kusimika mawe ya mipaka ndiyo maana ya kwanza ya kufomati. Katika zama za kompyuta kubwa, ilikuwa kazi ya wahandisi na waendeshaji wa mitambo. Mhasibu au karani aliyetumia matokeo ya kompyuta hakuwa na haja ya kujua kwamba ilifanyika.

Afrika Mashariki iliingia katika zama hizo mapema kuliko inavyodhaniwa mara nyingi. Nchini Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kwa kompyuta kuleta hasara na mkanganyiko, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mjadala wa wakati huo ulihusu gharama, utaalamu na utegemezi. Swali la kile kinachobaki ndani ya mashine iliyostaafu halikuwa na nafasi, kwa kuwa mashine zenyewe zilikuwa chache, nazo zilikuwa chini ya ulinzi wa taasisi.

Hali ilibadilika kwa hatua mbili. Mwaka 1973 IBM ilitoa hifadhi ya 3340, iliyojulikana kwa jina la Winchester, ambamo sahani na vichwa vya kusomea viliwekwa pamoja ndani ya kasha lililofungwa. Mwaka 1980 kampuni ya Shugart Technology, ambayo baadaye iliitwa Seagate, ilitoa diski ya ST-506 yenye megabaiti 5, ndogo kiasi cha kutosha ndani ya kompyuta ya mezani. Kuanzia hapo, kazi ya kupima viwanja ilikuwa njiani kuelekea kwa mtu asiye mhandisi.

3. Amri ya FORMAT na kupungua kwa nguvu zake, 1981–1991

Kompyuta binafsi ya IBM ilitoka Agosti 1981 ikitumia flopi, pamoja na mfumo endeshi wa DOS ulioandaliwa na Microsoft. Miongoni mwa amri zake ilikuwamo FORMAT. Machi 1983 ilifuatia PC XT, iliyokuja na diski kuu ya megabaiti 10 na toleo la pili la DOS. Katika mashine hizo, kuandaa diski kuu kulikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza ilikuwa fomati ya ngazi ya chini, iliyochora njia na sekta zenyewe. Mafundi wengi waliianzisha kwa kuita programu iliyofichwa ndani ya kadi ya kudhibiti diski. Ya pili ilikuwa kuigawa diski katika sehemu kwa amri ya FDISK. Ya tatu ilikuwa fomati ya ngazi ya juu, yaani FORMAT yenyewe, iliyoandika jedwali la ugawaji wa mafaili na orodha kuu ya majina, vyote vikiwa vitupu.

Tofauti kati ya ngazi ya kwanza na ya tatu ndiyo roho ya historia hii. Fomati ya ngazi ya chini iliandika upya kila sekta, hivyo kilichokuwamo kiliondoka kweli. FORMAT, kwa upande wake, ilipotumika kwenye diski kuu katika matoleo mengi ya DOS, iliisoma kila sekta ili kuhakikisha kwamba si mbovu, kisha ikaandika daftari jipya. Yaliyokuwa ndani ya sekta hizo haikuyagusa. Kwa mfano wa viwanja, masijala ya ardhi ilichomwa na kufunguliwa upya, lakini nyumba zote zilibaki zimesimama.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inaeleza kwa usahihi kile FORMAT ilichokifanya. Mali ilikuwapo, daftari halikuwapo, na kwa mwenye mali asiye na daftari, kuwapo na kutokuwapo vilikuwa sawa. Kabla ya kutekeleza amri hiyo, DOS ilimwonya mtumiaji kwamba data zote zilizomo ndani ya diski zingepotea. Onyo hilo lilikuwa kweli kwa mtumiaji aliyelisoma. Halikuwa kweli kwa mtu mwenye ujuzi na subira ya kupita nyumba kwa nyumba bila daftari.

Watu wa namna hiyo walijitokeza mapema. Mwaka 1982 mtayarishaji programu Mmarekani Peter Norton alitoa mkusanyo wa programu ndogo, mojawapo ikiwa ya kurudisha mafaili yaliyofutwa kwa bahati mbaya. Iliwezekana kwa sababu DOS, ilipoambiwa ifute faili, ilibadilisha tu herufi ya kwanza ya jina lake katika orodha na kutangaza kwamba nafasi yake iko wazi. Mwaka 1991 Microsoft yenyewe, katika toleo la tano la MS-DOS, ilitia amri ya UNFORMAT. Ni nadra kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo: mtengenezaji wa amri alitoa rasmi amri ya kuitangua.

Katikati ya tukio la Norton na lile la UNFORMAT palitokea badiliko la kiufundi ambalo watumiaji wengi hawakuliona. Kuanzia mwaka 1986 zilianza kuuzwa diski za aina ya IDE, ambazo kidhibiti chake kimo ndani ya diski yenyewe. Diski hizo zilipimwa viwanja kiwandani, na mtumiaji hakutakiwa tena kuzigusa kwa ngazi ya chini. Fomati yenye nguvu ikabaki kiwandani. Fomati nyepesi ikabaki mitaani. Lakini jina likawa moja. Fundi wa miaka ya 1990 aliyesema "nimeifomati diski" alitumia neno lilelile la fundi wa mwaka 1983, akiwa amefanya kazi ndogo zaidi.

4. Kusakinisha upya kama tiba, 1995–2012

Kama miaka ya 1980 iliifanya fomati kuwa amri, miaka ya 1990 iliifanya kuwa dawa. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliweka mipangilio ya mfumo na ya programu katika hazina moja kuu iliyokua kila programu ilipoongezwa, na mara nyingi haikupungua programu ilipoondolewa. Programu mbalimbali zilishirikiana mafaili ya mfumo, na moja ikiweka toleo lake juu ya toleo la nyingine, zote mbili ziliweza kukwama. Kompyuta ikawa kama ghala lisilopangwa: kutafuta kasoro kulichukua muda mrefu kuliko kulibomoa na kulijenga upya.

Virusi viliongeza nguvu ya dawa hiyo. Kirusi kilichojulikana kama CIH, kilichotengenezwa Taiwan mwaka 1998, kililipuka tarehe 26 Aprili 1999 na kuandika takataka juu ya mwanzo wa diski kuu za kompyuta nyingi, hasa barani Asia. Kwa wengi walioathirika, njia pekee waliyoelezwa ilikuwa kufomati na kuanza upya. Hapa historia ina kejeli yake: kirusi kilikuwa kimeharibu daftari, na tiba iliyopendekezwa ilikuwa kuandika daftari jipya juu ya mali ambayo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa bado ipo.

Watengenezaji nao walirahisisha. Badala ya kumpa mnunuzi diski kamili ya mfumo endeshi, kampuni nyingi zilianza kutoa diski ya kurejeshea, na baadaye sehemu iliyofichwa ndani ya diski kuu, ambayo kwa vibonyezo vichache iliirudisha mashine katika hali ya kiwandani. Windows Vista, iliyofika kwa umma mwaka 2007, ilileta badiliko lililopita bila kelele: fomati kamili, tofauti na ile ya haraka, sasa iliandika sifuri katika diski nzima. Kwa mara ya kwanza katika ukoo huo wa mifumo, tendo lilikaribia maana ambayo umma ulikuwa umeipa kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, fomati ya haraka ilibaki palepale kando yake, na mwenye haraka huchagua ya haraka. Windows 8, mwaka 2012, iliweka njia ya kuanza upya ndani ya mfumo wenyewe, pamoja na chaguo la kuisafisha diski kwa ukamilifu kwa anayekusudia kuitoa mashine yake.

5. Ushahidi kutoka masoko ya mitumba

Mkanganyiko huu ulipimwa hadharani mwaka 2003. Watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski kuu 158 zilizotumika, walizozinunua sokoni kati ya Novemba 2000 na Agosti 2002. Kati ya diski 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyinginezo walikuta barua binafsi, taarifa za matibabu na zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Diski mojawapo ilionekana kuwa imetoka katika mashine ya kutolea fedha katika jimbo la Illinois. Baadhi ya diski hizo zilikuwa zimefomatiwa. Waliozitoa walikuwa wametimiza wajibu wao kwa kadiri walivyouelewa.

Miaka sita baadaye ushahidi ulifika Afrika. Mwaka 2009, filamu ya habari ya televisheni ya umma ya Marekani kuhusu taka za kielektroniki nchini Ghana ilionyesha diski kuu iliyonunuliwa sokoni huko, ambayo ndani yake mlikuwa na nyaraka zilizohusu mikataba kati ya serikali ya Marekani na kampuni kubwa ya zana za kijeshi. Njia ambayo kompyuta za mitumba husafiria kutoka Kaskazini kuja bara hili ilidhihirika kuwa pia njia ya kumbukumbu.

Wala tatizo halikukoma ujuzi ulipoongezeka. Septemba 2022, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza benki ya Morgan Stanley dola milioni 35 kwa kushindwa kulinda taarifa za wateja wapatao milioni 15. Sehemu ya kosa ilikuwa kuiajiri kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na uzoefu wa kuangamiza data, kuondoa maelfu ya diski kuu na seva. Baadhi yake ziliuzwa tena mtandaoni zikiwa na data za wateja.

Wataalamu walijibu kwa viwango. Mwaka 1996 Peter Gutmann alipendekeza mpangilio wa kuandika juu ya diski hadi mara 35, uliolenga teknolojia mbalimbali za wakati huo. Wengi waliuchukua kama amri ya jumla, jambo ambalo halikuwa kusudi lake. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST 800-88, uliotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2014, uliondoa kelele hiyo. Unatofautisha ngazi tatu: kusafisha kwa kuandika juu, kutakasa kiasi cha kuishinda hata maabara, na kuteketeza kifaa chenyewe. Kwa diski ya sumaku ya kisasa, kuandika juu yake mara moja kwa ukamilifu kunatosha kwa mahitaji mengi. Diski zisizo na sahani, zinazotumia vipande vya kumbukumbu, zilileta ugumu mpya: hutawanya maandishi ili zisichakae upande mmoja, na huweza kuhifadhi nakala mahali ambapo mfumo endeshi haupaoni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mbinu za kufuta faili mojamoja hazikuaminika katika diski hizo, na kwamba hata amri za kufuta zilizojengwa ndani yake wakati mwingine hazikutekelezwa sawasawa na watengenezaji.

6. Afrika Mashariki: mashine zinazoingia na mashine zinazotoka

Kompyuta nyingi za shule, ofisi ndogo na vibanda vya intaneti katika eneo hili zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, sababu kuu ikiwa kuzuia nchi isigeuzwe jalala la taka za kielektroniki. Ukiiweka hatua hiyo kando ya ile ya Tanzania ya mwaka 1974, unaona mfuatano wa hofu. Ya kwanza ilihofu kile ambacho mashine ingegharimu. Ya pili ilihofu kile ambacho mashine ingeacha ardhini. Hofu ya tatu, ya kile ambacho mashine inakumbuka, ilichelewa kufika.

Ilifika kwa sura ya sheria za ulinzi wa data. Uganda na Kenya zilitunga sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka masharti yake katika Kanuni ya Kidijitali ya mwaka 2023. Kwa mada hii, tofauti ya maneno kati ya sheria mbili za mwanzo ina uzito. Sheria ya Kenya huorodhesha matendo: data zisizohitajika tena zifutwe, ziondolewe au zitenganishwe na utambulisho wa mtu. Sheria ya Uganda, pamoja na kutaja matendo, huweka kipimo cha matokeo: uharibifu ufanywe kwa namna inayozuia data zisiweze kuundwa upya zikaeleweka. Kwa kipimo cha kwanza, ofisa aliyefomati kwa haraka anaweza kudai kwamba amefuta. Kwa kipimo cha pili hawezi. Historia ya UNFORMAT inaonyesha kwa nini kipimo cha matokeo ni imara zaidi: majina ya matendo hubadilika maana kila kizazi cha vifaa, matokeo hayabadiliki.

Suala hili limekuwa la haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mfumo uliofuata unahitaji vichakato na vifaa vya usalama ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, ijapokuwa bado ni nzima. Mashine hizo zitastaafishwa, zitauzwa au zitasakinishiwa mfumo mwingine, kwa mfano Linux. Nyingine zitaingia Afrika Mashariki zikiwa na kumbukumbu za watu wa mbali. Nyingine zitatoka katika wizara, hospitali na benki za hapa zikiwa na kumbukumbu za raia wa hapa.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, saa ya kusakinisha upya ina maana nyingine pia, kwani ndiyo saa ambayo lugha ya mashine huchaguliwa. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Uwezekano ulikuwapo, lakini fundi anayesakinisha mashine nyingi kwa siku hubonyeza chaguo la kwanza, ambalo ni Kiingereza, na onyo la kwamba data zitapotea humfikia mtumiaji kwa lugha ambayo huenda haielewi vizuri. Mkanganyiko ulioelezwa katika makala haya kwa sehemu umelelewa na ukimya huo wa lugha.

7. Upande wa pili: kumbukumbu inayompotea mwenyewe

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba hatari ya kufomati ni ya siri kubaki tu. Kwa ofisi ya umma, hatari ya kila siku ni kinyume chake. Mtumishi anapohamishwa, kompyuta yake hufomatiwa ili apewe mwingine. Barua, rasimu, majedwali ya mishahara, ramani na takwimu za wilaya hukosa daftari kwa siku moja. Kwa nadharia yanaweza kurejeshwa na mtaalamu. Kwa vitendo hakuna anayejua kwamba yalikuwapo, mtumiaji mpya huanza kuandika juu yake, na baada ya miezi michache hata mtaalamu hawezi kuyapata yote.

Sheria zinazokataza hili zipo kabla ya zile za ulinzi wa data. Kenya ina sheria ya nyaraka za umma, Uganda ilitunga yake mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Sheria hizo zimejengwa juu ya kanuni moja, kwamba kumbukumbu ya umma haiharibiwi bila idhini ya mamlaka ya nyaraka. Karani anayechoma majalada ya masijala bila kibali anajua kwamba ametenda kosa. Fundi anayefomati kompyuta ya idara ileile hudhani kwamba amefanya matengenezo. Tendo la pili huingizwa katika vitabu kama huduma ya ukarabati, pengine na stakabadhi ya malipo.

Ndipo hasara mbili zinapokutana. Fomati humnyang'anya mwenye haki ya kujua, bila kumzuia asiye na haki. Idara hukosa jalada lake, na mnunuzi wa mitumba mwenye programu ya kurejesha mafaili hulipata. Hakuna njia nyingine ya kutunza kumbukumbu ambayo, ikitumiwa kwa uzembe, hushindwa kwa pande zote mbili kwa mara moja.

8. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa ni ya tendo lililozaliwa kuwa upimaji wa viwanja, likageuka kuwa uandishi wa daftari, likasifiwa kuwa dawa, na hatimaye likaaminiwa kuwa usahaulifu. Kwa watunga sera wa eneo hili, mambo matano yanafuata.

Kwanza, kanuni za utekelezaji wa sheria za ulinzi wa data ziandikwe kwa kipimo cha matokeo: data zisiweze kurejeshwa, kwa ngazi inayolingana na unyeti wake. Neno "kufomati" lisikubaliwe kuwa ushahidi wa utekelezaji.

Pili, hakuna kompyuta ya ofisi ya umma inayopaswa kufomatiwa kabla ya ofisa wa masijala kuthibitisha kwa maandishi kwamba kumbukumbu zake zimehamishiwa mahali salama. Utunzaji uje kwanza, usafishaji ufuate, na kila hatua iwe na jina la aliyeitekeleza.

Tatu, diski za ofisi zisimbwe tangu siku ya kwanza ya matumizi. Diski iliyosimbwa hubaki fumbo ufunguo wake ukiangamizwa, hata pale ambapo kuandika juu yake hakuaminiki; na kwa sababu hiyohiyo, utunzaji wa ufunguo uwe wajibu wa taasisi, usiachwe kwa mtumishi mmoja.

Nne, mafundi wa mitaani watambuliwe kuwa washiriki wa ulinzi wa data. Ndio wanaogusa diski nyingi kuliko taasisi yoyote. Mafunzo mafupi juu ya tofauti ya fomati ya haraka na fomati kamili, na juu ya kumuuliza mteja anachotaka kibaki na anachotaka kiondoke, yangegharimu kidogo kuliko kesi moja ya uvujaji.

Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama wasanifishe istilahi zinazotenganisha matendo haya. Makala yanapendekeza "kufomati" kwa kuandaa diski na daftari lake. "Kufuta" kwa kuondoa faili katika orodha. "Kusafisha" kwa kuandika juu ya diski nzima. "Kutakasa" kwa kuiondolea data kiasi cha kuishinda hata maabara. Na "kuteketeza" kwa kuangamiza kifaa. Maneno yote yamo tayari katika lugha. Kinachohitajika ni kukubaliana kwamba kila moja lina kazi yake, ili sheria inaposema "teketeza" asitokee ofisa wa kufomati, na fundi anaposema "nimefuta" mwenye mashine ajue ni kipi kilichobaki.